Pampu ya kisima inawaka na kuzima kila mara: kabla ya kugusa swichi, pima upepo wa tenki la presha

Mtu ananawa mikono. Kule nje, kwenye kibanda cha kisima, swichi ya presha inalia tak!, pampu inawaka. Sekunde tatu baadaye tak! nyingine, pampu imezima. Koki bado iko wazi, mshale wa geji unaporomoka, tak!, imewaka tena. Katika nyumba nyingi zenye kisima kirefu, kuanzia Kigamboni na Goba hadi Kitengela na Ruiru, wenyeji wameuzoea mlio huu hadi hawausikii. Wanakuja kuukumbuka siku maji yanapokata na fundi anapoivuta pampu kutoka mita 60 chini ya ardhi, mota ikiwa imeungua.

Mota hiyo mara nyingi haikuwa na kosa. Iliuawa na tenki la presha lililoishiwa upepo, na upepo huo ungerudishwa kwa nusu saa, kwa pampu ya baiskeli na geji ya tairi. Mota ya umeme inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko inapokuwa imeshika mwendo, na mkondo huo unageuka joto ndani ya koili. Ikiendelea kuzunguka, maji yanayopita ubavuni mwake yanaipoza. Ikizimwa baada ya sekunde tatu na kuwashwa tena, joto linarundikana juu ya joto. Kwa sababu hiyo, watengenezaji wa mota za kuzamishwa kisimani hupendekeza kwamba pampu ikiwaka, iende angalau dakika moja kabla ya kuzima. Shika kipimo hicho cha dakika moja, tutakirudia.

Tenki hili halitunzi maji, linatunza upepo

Jina linawapotosha watu. Wanaliona tenki la lita 100 wakadhani lina lita 100 za maji ya akiba, kama lilivyo tenki la plastiki juu ya mnara. Ndani ya tenki la presha mna mpira mnene unaofanana na puto. Maji yanaingia ndani ya mpira, na upepo umejazwa nje yake, katikati ya mpira na chuma. Pampu inaposukuma maji, mpira unavimba na kuubana upepo. Pampu ikizima na koki ikifunguliwa, upepo uliobanwa unausukuma mpira, na mpira unayatoa maji. Maji hayabaniki, upepo unabanika na kurudi kama springi. Pampu inapumzika kwa sababu ya springi hiyo. Ukiiondoa, tone la kwanza likitoka tu presha inaanguka, na tone la kwanza likiingia presha inapaa.

Swichi ya presha ina namba mbili: presha ya kuwasha na presha ya kuzima. Swichi ndogo nyingi zinazouzwa kwenye maduka yetu huja zimewekwa 1.4 na 2.8, yaani pampu inawaka geji ikishuka hadi bar 1.4 (bar ni kipimo cha presha) na kuzima ikifika 2.8. Kwa geji ya psi, hizo ni 20 na 40. Upepo wa tenki unatakiwa uwe chini kidogo ya presha ya kuwasha, kwa bar 0.15 hadi 0.2. Kwa swichi ya 1.4, jaza upepo wa 1.2. Kwa swichi iliyowekwa 2.0 na 3.4, jaza 1.8.

Kwa mpangilio wa 1.4 na 2.8 na upepo wa 1.2, maji yanayotoka tangu pampu izime hadi iwake tena ni karibu theluthi moja ya ukubwa wa tenki. Tenki la lita 24 linatoa lita 8. La lita 60 linatoa 20, la lita 100 linatoa 34, na la lita 200 linatoa 67. Hizo ndizo lita zako za kweli. Umeme ukikatika, utapata hizo na chache tu zaidi, tena ikiwa ulikatika mara tu baada ya pampu kuzima.

Upepo ukivuja, hesabu inabadilika. Tenki la lita 100 lililobakiwa na upepo wa bar 0.3 linatoa lita 20 badala ya 34. Na kwa kuwa uvujaji hutokea tenki likiwa limebanwa na maji, upepo huendelea kupungua hadi mpira unajaza tenki zima na kugandamana na chuma. Hapo lita zinakaribia sifuri, na swichi inaanza kulia kila sekunde chache.

Kipimo cha ndoo

Kabla ya kufungua chochote, fanya kipimo hiki. Hakihitaji kifaa zaidi ya ndoo ya lita 20 na mtu wa kusimama karibu na pampu. Funga koki zote za nyumba, ngoja pampu ijaze tenki na kuzima yenyewe. Kisha fungua koki moja tu, kinga maji kwenye ndoo, na funga mara pampu inapowaka. Maji yaliyomo kwenye ndoo ndiyo uwezo wa tenki lako leo.

Tenki la lita 100 lenye afya litajaza ndoo nzima na nyingine zaidi ya nusu. Likijaza nusu ndoo, upepo umepungua sana. Likitoa kikombe, aidha upepo umeisha au mpira umetoboka. Kwa yale matenki madogo ya lita 24 yanayokaa juu ya pampu za busta, zile za kuongeza presha nyumbani, tegemea lita 8 hivi, chini kidogo ya nusu ndoo. Wakati huo huo angalia geji: andika namba pampu inapowaka na namba inapozima. Namba hizo utazihitaji baada ya muda mfupi, na si salama kuzikisia kutokana na kilichoandikwa kwenye boksi la swichi, maana huenda fundi aliyetangulia ameshazibadilisha.

Ukitoka hapo, ligonge tenki kwa kifundo cha kidole, kuanzia chini kwenda juu. Sehemu yenye maji inatoa mlio mzito, yenye upepo inatoa mlio mwepesi kama wa debe tupu. Tenki linalotoa mlio mzito mpaka kileleni limejaa maji.

Kupima upepo bila kudanganyika

Hapa ndipo watu wengi wanakosea, wakiwemo mafundi wazoefu. Wanachomeka geji ya tairi kwenye valvu ya tenki wakati tenki lina maji. Geji inasoma 2.4, fundi anasema upepo upo wa kutosha, anaondoka. Alichopima ni presha ya maji. Mpira laini haukingi kitu: maji yakiwa na bar 2.4, upepo wa upande wa pili nao una bar 2.4, uwe mwingi au ujazo wa chupa ya soda. Upepo wa tenki unapimwa tenki likiwa tupu tu.

Kwa hiyo zima umeme wa pampu kwenye sakiti breka, si kwa kubonyeza swichi ya presha. Nyaya za swichi hiyo zina volti 230 na mikono yako itakuwa na maji. Fungua koki iliyo chini kuliko zote karibu na tenki, iache wazi hadi maji yaishe kabisa na geji isome sifuri. Geji ikigoma kushuka na kubaki kwenye 0.5 au 1 ilhali koki imekauka, geji ni mbovu au tundu lake limeziba kwa kutu, na namba zote ulizokuwa ukizisoma si za kuaminika. Ibadilishe kwanza.

Sasa toa kifuniko cha plastiki kilicho upande wa pili wa tenki, mkabala na bomba la maji. Ndani kuna valvu ya upepo, ile ile ya tairi la gari. Kabla ya kupima, bonyeza kile kipini cha katikati kwa sekunde moja tu. Ukitoka upepo mkavu, mpira ni mzima. Yakitoka maji, mpira umetoboka, acha kujaza upepo na nenda sehemu inayofuata. Usipotoka upepo wala maji, upepo umeisha. Jaza kwanza ndipo ujue.

Jaza ukiwa umeacha koki ya maji wazi, ili upepo upate kuyasukuma maji yaliyobaki ndani ya mpira. Utayaona yakichuruzika kadiri unavyojaza. Pampu ya baiskeli inatosha kwa tenki la lita 24. Kwa la lita 100 utatoka jasho, afadhali kompresa ndogo ya gari. Ukitumia kompresa kubwa ya fundi pancha, jaza kwa vipande vya sekunde mbili tatu na upime kila mara, kwa sababu kompresa hiyo inaweza kulipeleka tenki dogo mbali kuliko namba ya mwisho iliyoandikwa kwenye kibati chake. Simama kwenye bar 0.15 au 0.2 chini ya ile presha ya kuwasha uliyoiandika. Pakaza maji ya sabuni kwenye valvu; likitoka povu, badilisha kile kipini cha ndani, fundi pancha anacho. Rudisha kifuniko, funga koki, washa umeme, rudia kipimo cha ndoo.

Usizidishe upepo ukidhani ni heri. Upepo ukiwa juu ya presha ya kuwasha, tenki linamaliza maji yake yote kabla swichi haijafika namba yake. Aliye bafuni ataona maji yanakata ghafla, kimya cha sekunde moja au mbili, kisha yanarudi kwa kishindo. Ugonjwa huu unawapata sana wenye matenki mapya: tenki linatoka kiwandani na upepo wa 1.5 au 2, swichi inatoka kiwandani ikiwa 1.4, na fundi anaviunganisha bila kupima. Toa upepo kidogo hadi 1.2, tatizo limekwisha.

Mpira hupitisha upepo kidogo kidogo hata ukiwa mzima, kwa hiyo pima kila miezi 6. Ukikuta umeshuka kwa bar 0.1 au 0.2, ongeza na uendelee na shughuli zako. Ukijaza leo na baada ya wiki mbili umeisha, kuna mahali panapovuja: valvu, flenji (bamba la duara linalofungwa kwa boliti kwenye mdomo wa tenki), au kitundu cha kutu kwenye chuma.

Mpira ukitoboka

Tazama mahali bomba la maji linapoingia kwenye tenki. Ukiona flenji ya duara yenye boliti, mpira unabadilishika. Ukiona chuma kimefungwa moja kwa moja bila boliti popote, tenki hilo lina diaframu, yaani utando wa mpira uliobanwa kiwandani. Likitoboka, linabadilishwa zima. Mtu akikuambia atalikata na kulichomea, mkatalie. Chombo kinachobeba presha si mahali pa kujaribia welding ya mtaani.

Ununue mpira wa ukubwa ule ule, na uende dukani na ule wa zamani mkononi, maana mipira ya lita 24 yenye mdomo tofauti inafanana kwa macho. Zima umeme, maliza maji, kisha toa upepo wote kwenye valvu kabla ya kugusa boliti. Flenji inayofunguliwa upepo ukiwa ndani inaweza kuruka usoni. Vuta mpira mbovu. Mwaga maji yaliyoingia upande wa upepo, mulika ndani kwa tochi. Kutu ya juu juu ifute na uache pakauke. Kutu inayobanduka kama magamba, au chuma kinachobonyea ukikisukuma kwa bisibisi, maana yake tenki limefika mwisho na mpira mpya utakuwa hasara. Kwenye visima vya pwani vyenye maji ya chumvi hali hii ni ya kawaida, kwa kuwa tundu dogo la mpira linaweza kuyaacha maji ya chumvi yakila chuma kutoka ndani kwa miezi bila mtu kujua.

Ukunje mpira mpya kwa urefu kama mkeka, uupitishe, uache ujifungue ndani, na uhakikishe mdomo wake umekaa sawa pande zote. Kwa matenki marefu ya kusimama, mpira una kitako kinachotokeza juu na kufungwa kwa nati. Kikamate kwanza kabla ya kufunga flenji ya chini. Kaza boliti kwa kuvuka, moja kisha ile inayoikabili, kidogo kidogo, kama unavyokaza nati za tairi. Jaza upepo kwanza, maji baadaye. Maji yakitangulia kwenye tenki lisilo na upepo, mpira unavimba hadi kwenye chuma siku ya kwanza kabisa.

Kwa nini swichi iguswe mwisho

Swichi ina springi mbili chini ya kifuniko. Kubwa inapandisha au kushusha presha ya kuwasha na ya kuzima kwa pamoja. Ndogo inabadilisha tofauti kati yao. Kwa kuwa ni rahisi kuifikia, fundi mwenye haraka huanzia hapo. Anakaza springi, pampu inachukua muda mrefu kidogo kuzima, mteja anaridhika.

Chukua lile tenki la lita 100 lenye upepo wa 0.3. Lilikuwa likitoa lita 20. Ukipandisha presha ya kuzima kutoka 2.8 hadi 3.5, litatoa lita 25. Umepata lita 5 kwa kuilazimisha pampu isukume juu zaidi, mpira unyooke zaidi, na mabomba yabebe mzigo zaidi. Kurudisha upepo hadi 1.2, bila kugusa swichi, kungekupa lita 14 zaidi. Na ukishakaza springi kubwa, presha ya kuwasha nayo imepanda, kwa hiyo upepo uliokuwa sahihi sasa si sahihi tena. Wakati wowote namba ya kuwasha inapobadilika, upepo unaifuata.

Zipo sababu halali za kuigusa. Nyumba ya ghorofa ni mojawapo: kila mita 10 za wima zinakula karibu bar 1, kwa hiyo bafu lililo mita 6 juu ya tenki linabakiwa na bar 0.8 pampu inapokaribia kuwaka, na hapo 2.0 na 3.4 ina mantiki. Zungusha nati nusu mzunguko, jaribu, soma geji, ongeza. Usipite uwezo wa pampu, kwa sababu nitakayoieleza hivi punde.

Kuna pia swichi ambayo haina kosa la marekebisho, imeziba tu. Inasoma presha kupitia kibomba chembamba cha robo inchi. Maji yenye chuma, yale yanayoacha alama za kahawia kwenye sinki, hukijaza kutu, na maji magumu kama ya visima vya Dodoma hukijaza chokaa. Swichi inachelewa kusikia, inawaka na kuzima ovyo au haizimi kabisa. Zima umeme, maliza maji, fungua swichi, safisha kibomba kwa waya. Ukiwa hapo, angalia kontakti, vile vipande vya chuma vinavyogusana kupitisha umeme: zikiwa nyeusi na zenye mashimo, badilisha swichi nzima, bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na mota. Angalia sisimizi pia. Wanapenda joto la kontakti, wanabanwa katikati yake, na pampu inagoma kuwaka ilhali kila kitu kingine ni kizima.

Na angalia mahali swichi ilipo. Inatakiwa ikae karibu kabisa na tenki, bila chujio wala geti valvu katikati. Fundi akiweka chujio kati ya swichi na tenki, siku likichafuka swichi itasikia presha ya pampu badala ya presha ya tenki, na utapata ule ule mlio wa tak tak hata upepo ukiwa sahihi.

Pampu haizimi

Pampu inayozunguka bila kuzima inahitaji kushughulikiwa haraka zaidi kuliko inayowaka na kuzima. Kama geji haipandi kabisa, izime sasa hivi. Pampu ya kuzamishwa inapozwa na maji inayoyavuta. Isipopata maji inajipika.

Kama geji inapanda kisha inakwama, funga geti valvu kuu baada ya tenki. Presha ikipanda na pampu ikazima, maji yanapotelea nyumbani au kwenye bomba la chini ya ardhi linaloelekea huko. Ikiendelea kukwama, tatizo liko upande wa kisima.

Hapo watu hukimbilia kusema pampu imekufa, na wakati mwingine ni kweli, hasa kwenye visima vyenye mchanga unaokula impela, yale magurudumu ya pampu yanayosukuma maji. Lakini fanya hesabu hii kwanza. Pampu imeandikwa inasukuma mwisho mita 60. Maji kisimani yako mita 30 chini. Zinabaki mita 30, karibu bar 2.9, na swichi inayozima kwa 2.8 inafikiwa kwa shida. Kiangazi kikikaza, maji yanashuka hadi mita 36. Zinabaki mita 24, bar 2.3 hivi. Swichi inasubiri 2.8 ambayo haitafika kamwe. Pampu inazunguka usiku kucha, yuniti za umeme za LUKU zinayeyuka, na masika yakija tatizo linatoweka lenyewe bila mtu kuelewa. Kwa kisima cha namna hiyo weka swichi 1.0 na 2.0, upepo uwe 0.85, na tenki la lita 100 bado litakupa lita 30 hivi.

Umeme mdogo unaleta picha hiyo hiyo. Mota inapoteza nguvu na presha ya mwisho inashuka. Ikiwa pampu inashindwa kuzima jioni tu, wakati mtaa mzima unapika na kuwasha feni, na alfajiri inazima vizuri, pima volti jioni kabla hujainunulia kisima pampu mpya.

Pampu inawaka hakuna anayetumia maji

Ikiwaka kila dakika 40 usiku, maji yanavuja mahali. Zima umeme wa pampu tenki likiwa limejaa, funga geti valvu kuu, andika namba ya geji, rudi baada ya nusu saa. Geji ikisimama, kisima na tenki ni salama na uvujaji uko nyumbani. Anza na matenki ya choo: tia rangi ya chakula kwenye tenki la kuflashi, usiflashi kwa dakika 20. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini haufungi.

Geji ikishuka, maji yanarudi kisimani kupitia valvu ya kuzuia maji kurudi, ile mafundi wanayoiita nonriteni, au bomba la kisimani lina ufa. Weka sikio kwenye mdomo wa kisima, mara nyingi utayasikia yakichuruzika. Njia ya mkato ni kufunga nonriteni nyingine juu, karibu na tenki. Presha itakaa, lakini bomba lote la chini litaendelea kujimwaga kila pampu inapozima, na kila ikiwaka safu ya maji itapanda kwa kasi na kugonga valvu ya juu. Ndiyo ile "dum!" inayotikisa bomba. Ivute pampu, badilisha nonriteni ya chini. Ni kazi ya siku moja, lakini inafanyika mara moja.

Maji dhaifu bafuni na geji inasoma 2.5? Tenki halihusiki. Safisha chujio, kisha kichwa cha bafu. Koki inatema upepo pamoja na maji? Kwa siku chache, mpira umetoboka na upepo wa tenki unapitia huko. Kwa wiki nzima, maji ya kisima yameshuka hadi kwenye pampu na inavuta hewa.

Likibidi tenki jipya

Chukua uwezo wa pampu kwa dakika, halafu tafuta tenki linaloweza kutoa lita hizo. Pampu ya lita 2,000 kwa saa inasukuma lita 33 kwa dakika. Tenki la lita 100 linatoa 34. Limetosha, na ile dakika moja ya mota imepatikana. Pampu ya lita 4,000 kwa saa inahitaji tenki la lita 200. Kuifungia pampu ya kisimani tenki la lita 24 ni kuipunguzia miaka, hata upepo ukipimwa kila wiki. Matenki hayo madogo yanafaa kwa busta inayovuta kutoka tenki la plastiki la juu, ambayo mota yake inapozwa na feni na inafikika kwa mkono ikiharibika.

Siku ya kulifunga, chukua kalamu ya wino usiofutika na uandike ubavuni mwa tenki, upande usiopigwa jua: tarehe, upepo, presha ya kuwasha, presha ya kuzima, na lita za kipimo cha ndoo. Fundi atakayekuja baada ya miaka mitatu ataanza na namba hizo, na wewe utaweza kumwambia kama lita 34 zimebaki 34 au zimekuwa 12.